Jiwe lilikuwa mkononi mwake, vidio ilikuwa yangu

Wasee, wiki iliyopita nilifuta vidio moja. Ndiyo iliyoniletea watazamaji wengi kuliko zingine zote nilizowahi kuweka. Wengine mmeuliza kama akaunti imefungiwa. Haijafungiwa. Niliifuta mwenyewe, na leo naandika kwa nini, maana kufuta kimyakimya nako ni kukwepa.

Kama hukuiona, ilikuwa ya dakika mbili. Nimesimama kejani hapa Mukuru kwa Njenga, nyuma yangu nimetundika shuka ya kijani, nasema hivi: kuna jiwe la hapa kwetu linaitwa tsavoraiti, ni adimu kuliko zumaridi, linachimbwa Taita Taveta, na unaweza kulitambua kwa hatua tatu tu. Moja, liwe kijani. Mbili, likwaruze kioo. Tatu, ukilimulika kwa tochi ya simu, mwanga upite. Nikamalizia, "Kwani nauli ya Voi inakushinda?" Watu wakacheka, wakatumiana, nikalala nikiwa na furaha.

Wakati huo sikuwa nimewahi kushika tsavoraiti hata moja. Niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea kemia, karo ilipowashinda nyumbani. Miaka miwili ya kemia haikunipa cheti, lakini ilinipa kitu kimoja cha hatari: sauti ya mtu anayejua. Naweza kusema "vanadi" bila kujikwaa. Na mtaani, mtu akisikia umesema "vanadi" bila kujikwaa, anakuamini.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Kuna kijana wa plot yetu, upande wa Sisal, alikuwa anasukuma mkokoteni wa mitungi ya maji. Ni mtu wa kazi, si mtu wa maneno. Nyumba yao ya kwanza ilienda na ule ubomoaji wa Novemba 2021, na tangu hapo amekuwa akitafuta njia moja tu ya kumrudishia mathe wake paa la maana. Akaona vidio yangu. Akauza mkokoteni. Mathe akachukua mkopo wa chama, shilingi 12,000. Yeye na wenzake wawili wakapanda basi la Mombasa, wakashukia Voi, na hatukuwaona kwa wiki saba.

Aliporudi alikuwa amekonda, na ngozi za viganja zimepasuka. Alikuja kwangu usiku, akatoa kopo la dawa mfukoni, akamwaga mawe kumi na moja ya kijani juu ya kitanda changu.

"Bro, wewe ndiye unajua haya mambo. Nipimie."

Sikuwa na cha kupimia. Nilikuwa na hatua tatu za vidio tu. Zote kumi na moja zilikuwa kijani. Karibu zote zilipitisha mwanga. Nyingi zilikwaruza kioo. Kwa kipimo changu mwenyewe, kijana alikuwa tajiri.

Asubuhi tukaenda kwa fundi wa simu pale stage, ambaye ana kamzani kadogo ka dijitali kanakosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Hapo ndipo kemia yangu ya nusu ilipofanya kazi kwa mara ya kwanza. Tukapima jiwe moja moja, kavu kisha ndani ya maji. Saba yalikuwa na uzito wa kioo cha kawaida, na tulipoyatazama kwa lenzi ya fundi tukaona viputo vya hewa ndani, viduara vidogo kama vya soda. Ni chupa. Mtu alivunja chupa, akayasugua mawe yake mchangani hadi kingo zikalainika. Mawili yalikuwa kwatzi ya kijani kibichi. Mawili yaliyobaki yalikuwa turmalini, kwa kadiri nilivyoweza kuona, yenye nyufa nyingi na thamani ndogo.

Nikamuuliza, "Haya ya chupa uliyachimba?"

"La. Hayo nilibadilishana na broka. Nilikuwa na mawili niliyotoa chini mwenyewe. Akasema yana kasoro, ni takataka, lakini atanisaidia. Akanipa haya saba safi na elfu moja mia tano ya nauli. Akasema niyaweke, bei itapanda."

Akanionyesha picha ya yale mawili kwenye simu. Viganja vyeusi, na katikati punje mbili za kijani zikiwa bado zimeshikwa na ganda la mwamba mweusi. Picha haipimi jiwe, kwa hivyo sitawaambia ilikuwa tsavoraiti. Hatutajua kamwe. Lakini kilichoniumiza ni ule weusi wa viganja vyake. Wakati huo sikujua maana yake.

Mathe wake alikuja jioni. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu alikuamini kwa sababu wewe ulifika chuo." Kisha akaenda.

Nikachukua pesa ambazo vidio ile ilikuwa imeingiza, nikapanda basi la usiku hadi Maungu, kisha boda hadi Kasigau. Nilitaka kuona kwa macho yangu kitu nilichokuwa nimewauzia watu. Kwa mtu wa mtu nikafikishwa kwa mzee mmoja ambaye amechimba tangu ujana wake. Hakutaka jina wala sura yake iende mtandaoni, na nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba kisha akaniuliza moja kwa moja kama nimekuja kununua au kuiba. Nikamweleza ukweli wote. Akacheka hadi akakohoa.

"Kijana wangu, wewe uliwaambia watafute kijani?"

"Ndiyo, mzee."

"Anayetafuta kijani hapati kijani. Tafuta cheusi."

Akanipeleka kwenye mtaro wa zamani, akaokota kipande cha mwamba, akakisugua kwa kidole gumba, akanipaka mkononi. Doa jeusi linalong'aa, kama umechora na penseli. Hiyo ni grafaiti, ileile ya ndani ya penseli, ambayo Watanzania huiita kinywe. Tsavoraiti ya huku huzaliwa kwenye mwamba wa naisi wenye grafaiti. Usipoona mkono umechafuka, mzee aliniambia, unachimba kaburi la bure. Nikakumbuka viganja vya kijana wa plot yetu kwenye ile picha.

Kisha akanionyesha vitu vinavyofuata. Ndani ya ule mwamba mweusi kuna mawe ya duara, mengine kama kiazi, na wachimbaji huyaita hivyohivyo, viazi. Ndani ya kiazi ndimo kijani hukaa, mara nyingi kimepasukapasuka vipande. Pengine hukaa kando ya mishipa ya kwatzi nyeupe inayokata mwamba. Ukipata kiazi hupigi nyundo kama unavunja kokoto ya mjengo, kwa sababu jiwe moja zima lina thamani kuliko vipande kumi vya jiwe lilelile. Unakibandua ganda polepole. Tsavoraiti ni ndogo kwa asili. Ikishakatwa na kung'arishwa, hata ya karati mbili ni nadra. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Sasa fikiria nyundo ya mtu mwenye njaa na haraka inafanya nini kwa kitu cha ukubwa huo.

Turudi nyuma kidogo, maana hii hadithi ya cheusi kabla ya kijani si ya mzee peke yake. Mwaka 1967 mwanajiolojia Mskoti, Campbell Bridges, alikuwa anatembea kwenye vilima vya kaskazini mwa Tanzania akaona mawe ya ajabu yenye umbo la kiazi. Akayapasua, ndani akakuta punje za kijani. Kazi ilipomshinda upande ule, hakuvuka kuja Kenya kutafuta kijani. Alifuata mwamba. Alijua kwamba ule ukanda wa mawe ya kale unaotoka Msumbiji na kupita Tanzania hauujui mpaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akalipata jiwe lilelile Taita. Mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany, ya New York, ikalipa jina la tsavoraiti kwa ajili ya Tsavo yetu. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imeipa tanzanaiti jina mwaka 1968.

Mimi sina shida na majina. Lakini ona mpangilio. Tanzanaiti ilipatikana 1967, na mtu ambaye Tanzania inamtambua kama mgunduzi wake, Mzee Jumanne Ngoma, aliheshimiwa hadharani na Rais Magufuli mwaka 2018. Hiyo ni miaka 51 baadaye. Jiwe lilipata jina ndani ya mwaka mmoja. Aliyeliokota alisubiri nusu karne.

Na hapa ndipo msimamo wangu ulipo, na sitauzunguka: kwenye biashara ya vito, anayelimiliki jiwe si anayelichimba, ni anayelitambua. Broka wa Voi hakumpora kijana wetu kwa kisu. Alimpora kwa sentensi moja, "hii ni takataka." Sentensi hiyo ina nguvu kwa sababu mmoja anajua na mwingine hajui. Mimi nilikuwa mshirika wa yule broka, tena bila kulipwa na yeye. Nilimtuma kijana vitani na bunduki ya mbao.

Kwa hivyo kabla ya maoni mengine, wacha nilipe deni langu. Hivi ndivyo ningepaswa kusema kwenye ile vidio.

Kwanza, rangi haithibitishi kitu. Kijani cha tsavoraiti hutokana hasa na vanadi, wakati mwingine na kromi, lakini kuna turmalini ya kijani, kwatzi ya kijani, zumaridi, na chupa ya soda. Zote ni kijani.

Pili, kukwaruza kioo hakuthibitishi kitu peke yake. Tsavoraiti hukwaruza kioo, kweli. Kwatzi pia. Turmalini pia. Jaribio hilo linaondoa mawe laini tu. Na tafadhali usilikwaruze jiwe lenyewe kwa msumari kuona kama linakwaruzika. Ukiharibu uso wake umejikata bei mwenyewe.

Tatu, tochi inaonyesha uwazi, nyufa na viputo. Viputo vya duara ni dalili ya kioo. Zaidi ya hapo tochi haisemi kitu.

Nne, na hapa ndipo pa maana, pima uzito kwa maji. Unahitaji mzani mdogo wa dijitali, kikombe na uzi. Pima jiwe kavu, andika. Kisha weka kikombe chenye maji juu ya mzani, urudishe kwenye sifuri, ufunge jiwe kwa uzi mwembamba na kulizamisha lote bila kugusa chini wala kingo. Namba utakayoona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kavu kwa namba hiyo. Tuseme jiwe lina gramu 2.00. Kama mzani umesoma 0.56, jibu ni karibu 3.6, na hapo ndipo tsavoraiti hukaa. Kama umesoma 0.80, jibu ni 2.5, na hicho ni kioo. Kwatzi hutoa karibu 2.65, zumaridi 2.7, turmalini karibu 3.1. Hesabu ya darasa la saba. Ingemwokoa kijana wetu pale pale mezani kwa broka.

Tano, tafuta miwani ya jua ya polaroidi, ile madereva huvaa kuzuia mng'ao wa barabara. Toa lenzi zote mbili, uziweke moja juu ya nyingine, uzungushe moja mpaka giza liingie. Weka jiwe katikati, ulizungushe. Turmalini na zumaridi zitawaka na kuzima. Tsavoraiti ni ganeti, na ganeti kwa kawaida hubaki giza. Kioo nacho hubaki giza, lakini kioo ulishakikamata kwenye maji. Ndiyo maana nasema kipimo kimoja hakitoshi. Kila kipimo kinafunga mlango mmoja wa uongo.

Na mwisho wa yote hayo, bado unahitaji mtu mwenye vifaa vya maabara aseme neno la mwisho. Kipimo cha mtaani hakikupi cheti. Kinakupa haki ya kusema, "Broka, hapana, hii si takataka."

Sasa wengine mtaniambia, "Wewe umekula pesa za vidio, leo unatuambia tusiende? Hapa Mukuru kuna kazi gani?" Sijasema usiende. Najua mtu anaamka saa kumi na moja asubuhi kupanga foleni kwenye geti za Industrial Area na kurudi bila kibarua. Siwezi kumwambia mtu kama huyo akae nyumbani kwa sababu mimi nimeumia roho. Ninachosema ni kwamba usiende ukiwa kipofu, na usiende kwa sababu ya mtu aliyetundika shuka ukutani.

Na kuna upofu mwingine mbali na ule wa jiwe. Kwa sheria yetu, madini yaliyo ardhini ni ya Wakenya wote na serikali huyashikilia kwa niaba yetu, hata kama yako chini ya shamba la babako. Sheria ya Madini ya 2016 inamruhusu raia kuomba kibali cha mchimbaji mdogo katika kaunti. Ndani ya mbuga ya Tsavo huruhusiwi kuingia na sururu. Ranchi zina wenyewe. Vidio yangu haikutaja hata moja kati ya haya. Kijana wetu na wenzake walichimba usiku kwenye ardhi wasiyoijua mwenyewe, wakiogopa mlinzi kuliko kifusi, na ndiyo maana hawakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko. Mtu asiye na kibali hawezi kwenda polisi kusema ametapeliwa jiwe. Broka anajua hilo vizuri sana.

Huu si mchezo. Bridges mwenyewe, aliyelipata jiwe hili, aliuawa Taita tarehe 11 Agosti 2009, alipovamiwa na kundi la watu katika mzozo wa haki za kuchimba. Mwaka 2014 mahakama iliwafunga wanaume wanne miaka 40 kila mmoja. Pale ambapo nani ana haki hakuko wazi, watu hufa, na wengine huzeekea jela.

Wengine watatetea mabroka. Watasema broka pia ana watoto, anaweka pesa zake hatarini, ananunua jiwe likiwa chafu bila kujua litatoka vipi likikatwa. Hiyo ni kweli, na mzee wa Kasigau aliniambia kuna mabroka wawili ambao amewauzia miaka mingi na hajawahi kujuta. Broka mzuri hana sababu ya kuogopa mchimbaji mwenye mzani. Anayeogopa ni yule wa chupa.

Kwa hivyo ninataka nini? Mambo mawili, na yote yanawezekana.

La kwanza linaihusu serikali, ya taifa na ya kaunti. Voi tayari kuna kituo cha vito kilichojengwa ili wachimbaji wapate mahali pa kupima na kuuzia mawe yao. Vizuri. Sasa maarifa yale yatoke nje ya ukuta. Meza ya kupimia iende Kasigau, Mwatate na Kuranze siku za soko. Mzani, maji, lenzi, na mtu anayeeleza kwa Kiswahili na Kitaita, bila malipo na bila kuuliza maswali ya kutisha. Mchimbaji akitoka pale na karatasi iliyoandikwa uzito na aina ya jiwe, mazungumzo yake na broka yamebadilika. Jirani zetu walishaona faida ya mwanga. Tanzania ilianza kufungua masoko rasmi ya madini mwaka 2019, mahali jiwe linapimwa na kuthaminiwa mbele ya watu. Juni 2020 mchimbaji mdogo, Saniniu Laizer, aliuza mawe mawili ya tanzanaiti kwa serikali kwa shilingi bilioni 7.7 za Tanzania. Sote tunakumbuka picha yake akiwa na hundi. Sisemi kila mtu atakuwa Laizer. Wengi hawatakuwa, na vidio zinazosema watakuwa ni uongo. Nasema tu kwamba hakuna aliyemwambia Laizer, "hii ni takataka," kwenye kichaka.

Sheria yetu inasema mrabaha wa madini ugawanywe asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Lakini jiwe linalouzwa kichakani kwa elfu moja mia tano halilipi mrabaha kwa yeyote. Kumfundisha mchimbaji kulitambua jiwe si sadaka. Ni njia ya serikali kukusanya chake.

La pili linatuhusu sisi wa kontenti. Manze, tumekuwa mabroka. Tunachukua kitu kibichi, maisha ya watu, tunakikata dakika mbili, tunakiuza. Mtu akiweka vidio ya "tambua dhahabu kwa sabuni" au "jiwe hili likikwaruza kioo wewe ni milionea", muulize swali moja: umewahi kulishika? Akisema hapana, ondoka. Mimi nilipaswa kuulizwa hivyo. Kati ya komenti zote zile, hakuna aliyeuliza, na sikujiuliza.

Kuna mmoja aliniuliza kama kwenye yale machimbo ya zamani ya mawe hapa mtaani kunaweza kuwa na tsavoraiti, na nikamjibu kwa emoji ya moto. Leo namjibu sawasawa: hapana. Nairobi imekaa juu ya mawe ya volkano. Ni mawe mazuri ya kujenga, lakini si mwamba ule wa grafaiti. Usimruhusu mtoto wako aingie kwenye maji ya machimbo kutafuta kijani.

Kijana wetu amerudi kwenye kazi ya maji. Anakodi mkokoteni kwa siku sasa, kwa sababu wake aliuuza. Deni la mathe kwenye chama lilikuwa limebaki shilingi 7,500 nilipoenda kuongea naye. Ninalipa mia tano kila Jumapili, na anapokea bila kuniambia karibu ndani. Sina lawama.

Jambo moja ambalo sikulitegemea ni kwamba kijana mwenyewe bado anataka kurudi Taita. Nilipomweleza kuhusu cheusi, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Basi mahali nilichimba palikuwa penyewe." Nikaona macho yake yakibadilika, na nikaogopa, maana hiyo ndiyo sura niliyowatia watu kwa vidio yangu. Lakini safari hii aliuliza maswali mengine. Kibali kinaombwa wapi? Watu wangapi wanatosha kuunda kikundi? Mzani kama ule ni pesa ngapi? Sikuwa na haki ya kumzuia. Nilikuwa na wajibu wa kumjibu, na pale nisipojua, kunyamaza.

Mzani nimenunua. Mdogo, wa dijitali, unaingia mfukoni. Uko kwangu pamoja na uzi, kikombe na lenzi mbili za miwani. Kama uko Mukuru, Pipeline au popote karibu, na una jiwe lako au unapanga kwenda kulitafuta, njoo ujifunze kupima. Dakika ishirini zinatosha. Hutarekodiwa na hutalipa. Na usimpe mtu yeyote jiwe lako kabla hujalizamisha kwenye maji.